Lori Lilipokataa Kujishika

Nilikuwa nimeinamisha sinia la kahawa ili kuonyesha mteremko, kiberiti changu kikiwa ndilo lori. "Tazameni," nikasema, "nikikiachia, kinajishika chenyewe." Kiberiti hakikujishika. Kiliteleza kinyumenyume, kikagonga kikombe, na kahawa yote ya moto ikaingia ndani ya kiatu changu cha kulia. Siku nyingine kijiwe chetu hiki cha Lukozi kingecheka mpaka magharibi. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Lori lenyewe, lile la umeme la kubebea kabichi, lilikuwa limelala ubavu bondeni tangu juzi, na dereva wake, Alen, alikuwa hospitali Lushoto, miguu yote miwili haihisi kitu. Nikavua kiatu, nikaanza kukamua soksi.

— Hata kiberiti kimekukana, Pasipoti, akasema Injinia, fundi redio wetu.

Jina la Pasipoti nilipewa kwa sababu nimewahi kufika Durban, na sijamwachia mtu yeyote nafasi ya kusahau.

— Kwenda mbele lile linajishika, nikasema. Ukiondoa mguu kwenye mafuta...

— Mafuta gani? Lori la umeme lile.

— Kwenye pedali, basi. Ukiondoa mguu, magurudumu yanaizungusha mota, mota inachaji betri, na gari linapungua mwendo. Kama mtu aliyeshikwa shati.

— Hilo ni la kwenda mbele. Alen alishuka rivasi, na rivasi umeme unarudi ulikotoka. Angeshuka hivyo mpaka Mombo huko chini, betri ingekuwa kama haijawahi kuchajiwa.

— Na mita ingesoma sifuri, likawa jipya.

— Wewe cheka. Na betri ilikuwa imejaa pomoni, alichaji usiku kucha. Imejaa, umeme mwingine ataumwaga wapi? Hapo hakuna cha kushika shati wala mkanda.

Gogo alikuwa amekaa nasi tangu kikombe cha kwanza. Huyu jina lake ni Yusufu. Huko mashambani hakuna pa kugeuzia, kwa hiyo malori hushuka rivasi, na kazi yake ni kutembea ubavuni mwa tairi la nyuma akiwa na gogo la mkaratusi begani. Lori likizidi mwendo, analitupa gogo chini ya tairi. Miaka kumi na tisa, hajapoteza lori hata moja.

— Mimi nilikuwa juu, akasema. Nimekalia gogo langu. Niliambiwa hili la umeme halina haja nami.

Hakuna aliyemuuliza aliambiwa na nani. Mimi niliendelea na soksi, ingawa haikutoa tena hata tone.

Ndipo akaja Janeth, mke wa Alen, na kapu la chakula cha mgonjwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?

— Vile vile. Wenye lori wanakuja hospitali saa tisa kuandika maelezo. Wanasema ni uzembe, breki alikuwa nayo na hakuikanyaga mapema. Wakishaandika hivyo hawatalipia matibabu. Nitarudi naye nyumbani alivyo.

— Mwenyewe anasemaje?

— Anasema, "Nilisubiri lishike." Basi. Nikimuuliza nani alimwambia asubiri, anageukia ukutani.

Akatua kapu, akatutazama mmoja mmoja.

— Kahawa anakunywa hapa. Ni nani alimwambia?

— Unajua mama, akasema Injinia haraka, milima hii ina madini. Yawezekana chini kuna sumaku, ikalivuta...

— Injinia, acha, akasema Gogo.

Injinia akaacha. Hoja ya sumaku ilikuwa yangu, nilimpa mimi asubuhi ile.

— Ni mimi, nikasema. Jioni ya kuamkia siku ya ajali, nikiwa nimekaa hapa hapa. Nilimwambia ashuke taratibu, akitaka kupunguza aondoe mguu tu, lori litajishika. Yusufu naye nilimwambia apumzike.

Janeth hakupandisha sauti.

— Baba Shamsa, wewe lori kama lile umelishusha rivasi mlimani mara ngapi?

Nikaikumbuka Durban. Huko nilipanda lori la umeme bandarini, pametandazika kama sinia kabla sijaliinamisha. Tulikwenda mbele, labda dakika kumi.

— Hata mara moja. Nilikuwa nimekaa kiti cha abiria.

Gogo akaweka kikombe chini. Injinia akatazama barabara ya Mtae kana kwamba anamngoja mtu.

— Pole sana, mwanangu. Mimi nilidhani...

— Vaa kiatu, Baba Shamsa. Gari la Lushoto linaondoka, na hayo utayasema mbele ya wenye lori.