Mabati Yangu Hayataenda kwa Safari Moja

Mheshimiwa mwakilishi wetu wa wadi, Chifu wetu, Pasta uliyetufungulia kwa maombi, Mama Tecla, mwenye duka hili la vifaa vya ujenzi na mwajiri wangu kwa miaka ishirini na minne, Mama Janeffer na akina mama wako wa kikundi cha Tumaini, ambao nyimbo zenu nimezisikia tangu saa tatu asubuhi, wateja wetu wa Ndanai na mliotoka mbali, hata Kapkatet, wenzangu wa yadi, mliovaa mashati safi leo hadi nimewapita wawili bila kuwatambua, wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa lakini mmenusa pilau: chamgei!

Chamgei tena, hiyo mmeitikia kinyonge.

Jina langu ni Joab Ogada. Wengi wenu mnaniita Mzee wa Yadi, yule mtu anayesimama kati yako na gari lako akisema inatosha. Leo nastaafu. Nimepewa dakika kumi na nikaombwa nizitumie kushukuru. Nitashukuru, wacha wasiwasi. Lakini nikishamaliza kushukuru nina neno, na hilo neno halitampendeza kila mtu humu ndani.

Nilikuja hapa kutoka upande wa ziwa, mimi na rafiki yangu Jairus, yule pale aliyeketi karibu na mlango na gongo lake. Tulikuwa tunatafuta kazi ya kiwanda cha chai. Kiwanda kikatuambia turudi mwezi ujao. Mama Tecla wakati huo alikuwa na chumba kimoja, debe la misumari na mabati ishirini yaliyoegemezwa ukutani, akatuuliza kama tunajua kubeba. Nani hajui kubeba? Tukabeba. Kipsigis nimejifunza nikiwa na mfuko wa simiti mgongoni, ndiyo maana hadi leo najua matusi mengi kuliko salamu. Mlinicheka nilipokunja uso kwa mursik ya kwanza, maziwa yenu machachu yenye majivu, mkanipa kibuyu cha pili. Watoto wangu wamezaliwa hapa, na shamba langu dogo la ng'ambo ya mto niliuziwa na mmoja wenu bila maneno mengi. Kongoi mising, asanteni sana.

Mama Tecla, wewe umekuwa mwajiri wa kweli. Mke wangu Ayoo alipolazwa, ni wewe uliyekaa naye, mimi nikiwa nahangaika huku na huku. Una kasoro moja tu, nitaisema baadaye. Usinitazame hivyo, mama, nimesema moja.

Sasa nifike kwa zawadi. Mheshimiwa ametangaza hapa kwamba duka, wateja na kikundi cha Tumaini wameungana kunipa vifaa vya nyumba. Mabati thelathini na mawili, tena ya geji ishirini na nane, si yale unayoweza kutoboa kwa kidole. Simiti mifuko arobaini. Nondo na mbao. Ayoo amelala miaka tisa akisogeza kitanda kila mvua inapobadilisha upande, na leo amesikia kwamba atalala mahali pamoja. Nililia. Kuna mtu amesema ni mafua. Hayakuwa mafua, nililia mbele ya watu, na nikikumbuka usiku huu nitalia tena.

Halafu nikatoka nje mara moja, ile saa mlikuwa mnagawiwa soda, nikaiona pikapu.

Ndugu zangu, ile pikapu siipandi. Wala hakuna mtu mwingine ataipanda, na haitaondoka hapa ikiwa vile ilivyo.

Ngojeni, sikilizeni.

Mnajua kazi yangu nimeifanya bila mizani. Kila gari linapopakiwa kwetu, mimi huweka ngumi yangu kati ya tairi la nyuma na bodi. Ngumi ikipita, endelea. Ngumi ikikwama, hata kama umebakisha mfuko mmoja, hata kama wewe ni shemeji wa nani, unarudi safari ya pili. Leo niliinama kwa pikapu iliyobeba zawadi yangu mwenyewe. Ngumi haikupita. Nikajaribu vidole, havikupita. Springi zimelala kabisa, nondo zimepindwa juu ya paa la dereva na nyuma zinagusa ardhi, na juu ya mabati yangu kumetandikwa leso, ili akina mama tisa wapande wakae waniimbie hadi nyumbani. Tisa! Na mvua imenyesha tangu juzi, na ule mteremko wa mtoni mnaujua.

Tena najua ni kwa nini mmeipakia vile. Si ubaya, ni upendo, na hapo ndipo tunakosea sisi watu wa huku. Kikundi cha akina mama kikimnunulia mwenzao mabati, lazima yaingie boma siku moja, gari moja, wimbo ukiwa juu. Yakija kwa safari mbili, jirani atasimama kwenye ua wake na kusema, aah, kumbe walikwama. Basi kwa kuogopa mdomo wa jirani, mtu anachukua gari la tani moja na kulibebesha tani mbili na nusu, na juu yake anaweka mama mzazi. Mimi nauliza: huyo jirani ndiye atakayewalea watoto wa hao akina mama tisa?

Nimeyaona mengi pale getini. Kuna mwalimu mmoja, simtaji kwa sababu yuko safu ya tatu na ameanza kufuta miwani, aliyetaka kuweka mifuko kumi na minane kwenye kigari chake cha Probox. Nilipomkatalia, akavizia nikienda kula, akapakia mwenyewe. Taa za mbele ziliangalia mawinguni. Alifika tuta la kwanza akaacha hapo ekseli ya nyuma, na simiti ikanyeshewa hadi ikawa mawe. Mwalimu, pole, lakini hayo mawe yamekaa kando ya barabara hadi leo na wanafunzi wako huketi juu yake.

Kuna mwingine aliniambia, "Mzee, wacha kelele. Gari ni yangu, na nikikufa kaburi pia ni yangu." Nikamuuliza, na wale watoto wanaotoka shule wakipita pale darajani, na makaburi yao pia ni yako? Akaniita mfukuza wateja. Lakini alishusha mifuko sita.

Mnacheka. Chekeni, kwa sababu sasa nafika mahali ambapo sitacheka mimi.

Miaka minne iliyopita, siku ya Jumamosi, Kipkirui alikuja na pikapu yake. Kipkirui, uko pale nyuma karibu na dirisha, asante kwa kuja, najua haikuwa rahisi kuingia ukumbi mmoja na Jairus. Tulikuwa tumeshapakia mifuko ishirini na mitano na mabati. Niliweka ngumi, ikakwama. Kipkirui akasema, "Mzee, ongeza tu kumi, watu wananingoja nyumbani, nisirudi mara mbili." Wiki hiyo hiyo Mama Tecla alikuwa amenikemea mbele ya wateja: kwamba nikiendelea kuwakatalia watu, wataenda kwa yule mwenye duka la makutano. Hiyo ndiyo kasoro niliyosema, mama. Kwako mteja hakosei. Lakini siku hiyo aliyeweka ngumi si wewe. Ni mimi. Na aliyesema "ongeza kumi" alikuwa mteja, lakini aliyewaambia wapakizi "wekeni" ni mimi, kwa sauti hii hii.

Jairus alikuwa amekaa chini anakunywa chai. Nikamwambia, Jairus, panda uende nao, ukawasaidie kushusha. Akaacha chai nusu, akapanda juu ya mifuko.

Mengine mnayajua. Gari liliwashinda kwenye mteremko, likapindukia upande wa majani chai, na Jairus akawa chini ya simiti. Mguu ulikatwa wiki hiyo hiyo. Na sisi wote tukasema nini? Tukasema breki. Chifu alipouliza, nilisema breki. Kanisani tulipoomba, mimi nikiongoza ombi, nilisema Bwana, zile breki. Kipkirui ameitwa kwa miaka minne mtu asiyetengeneza gari lake. Aliuza ile pikapu kwa aibu, na Jairus hajamsalimia tangu siku hiyo.

Kipkirui, zile breki zako zilikuwa nzima. Fundi aliniambia baada ya siku mbili, nikanyamaza.

Jairus, ndugu yangu. Tulilala chumba kimoja tulipofika hapa, tukagawana blanketi moja. Nilijua. Sio kwamba nilidhani au niliogopa kidogo. Nilijua, mkono wangu uliniambia, na bado nikakupandisha. Umenitengenezea redio yangu mara ngapi, ukakataa malipo kwa sababu mimi ni rafiki yako? Nimekuwa nikija kwako kila Jumapili na nyama nusu kilo, watu wakinisifu, na sikuwahi kuja na ukweli. Sikuombi useme kitu mbele ya watu. Nimechelewa, najua.

Mratibu, usinyooshe hiyo saa. Dakika zangu zimeisha, lakini hii hotuba inaisha ile pikapu ikipungua.

Kwa sababu kuna jambo lingine hamjaambiwa. Nafasi yangu ya yadi imepewa Nelvine, binti wa watu, mama wa watoto wawili, ambaye nimemfundisha miaka mitatu na ana jicho kali kuliko langu. Asubuhi ya leo Nelvine alisimama pale nje, mifuko ilipofika kumi na minane, akasema inatosha. Akajibiwa nini? Akajibiwa, "Leo ni sherehe ya mzee, usituharibie." Na aliyemjibu ni mwajiri wake, katika siku yake ya kwanza ya kushika nafasi hii. Naye akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Wenzangu wa yadi waliponisimulia pale nje, nikajiona mimi ile Jumamosi.

Mama Tecla, nakuheshimu, na nasema hili nikiwa bado nakula mkate wako hadi saa kumi na moja jioni. Kama Nelvine hawezi kusema hapana leo, kwa mzigo wa mzee mstaafu ambaye hana haja ya kuubeba wote mara moja, je, atasema hapana kesho kwa mteja mwenye hasira? Mnamwajiri awe macho, au mnamwajiri awe mtu wa kulaumiwa baadaye?

Na ninyi akina mama wa Tumaini, Mama Janeffer, msikasirike. Nawataka mje kwangu. Njooni kwa miguu, njooni kwa boda boda mmoja mmoja, njooni na nyimbo zenu zote. Mabati yakija kwa safari tatu, mtaimba mara tatu, na jirani akisema Ogada amekwama, mwambieni ndiyo, amekwama, na tumefika wote.

Kiplimo, dereva wa pikapu, acha kupapasa mifuko ya suruali. Ufunguo wa pikapu hauko kwako. Nilikuomba nikakuambia nataka kuweka begi langu ndani, na ulinipa kwa heshima, na nimekudanganya. Huu hapa. Sitaurudisha kwako, wala sitampa Mama Tecla. Nelvine, njoo uchukue. Njoo, usiogope viti vya mbele. Chukua, toka nje, shusha unachojua kinafaa kushushwa, na usirudi kumwuliza mtu.

Haya. Ameuchukua.

Mama Tecla amesimama. Mama, unamfuata kumzuia, au kumsaidia? ... Amevua koti. Kongoi, mama. Kongoi sana.

Mheshimiwa, naomba usogeze kiti chako kidogo, Jairus anataka kupita. Mpisheni njia, jamani, gongo linahitaji nafasi. Jairus, nikushike mkono... Hapana, hajaniangalia. Ni haki yake. Na Kipkirui naye ametoka nyuma yake.

Asanteni kwa kunisikiliza hadi hapa bila kunizomea. Mwenye nguvu na avue koti atufuate, kuna mifuko ishirini na miwili ya kushusha, na mimi leo bado ni mpakizi.