Fidelis Lukanga, Aliyekataa Kumsingizia Mungu

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Fidelis Lukanga atakabidhi funguo za banda la jenereta la hospitali yetu hapa Wete, baada ya kulitunza kwa miaka thelathini na moja. Amezaliwa hapa hapa kisiwani. Babu yake alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu, akabaki. Ni Mkristo, mmoja kati ya wachache tulionao kazini. Tangu mwaka wa kwanza alipatana na fundi mwenzake, Hamad Ngwali: Idd zote zamu ya Fidelis, Krismasi na Pasaka zamu ya Hamad. Mpango huo haukuandikwa popote, wala haukuvunjwa hata mara moja.

Wafanyakazi wapya humcheka kwa kuwa kila asubuhi huiamkia jenereta shikamoo. Muuguzi Nadhira aliwahi kumuuliza, "Bwana Fide, huyo bibi yako ataitikia lini?" Akajibu, "Siku akiitikia, mimi nishakimbia nimefika Konde kwa miguu."

Ni mzaha, lakini nieleze kwa asiyeijua kazi hii. Umeme ukikatika hospitalini, hakuna kelele. Feni zinasimama, mashine ya oksijeni inanyamaza, na kila mtu anatega sikio upande wa banda. Ukimya ule huogopesha kuliko kilio, na kazi ya fundi ni kuufupisha. Ndiyo maana kila asubuhi fundi humwaga maji yaliyojikusanya kwenye chujio la dizeli, huwasha injini kwa dakika kumi, kisha hutia sahihi daftarini kwamba amefanya.

Asubuhi ya Jumapili ya Pasaka ya mwaka 2012, akimaliza zamu ya usiku kabla ya kumwachia Hamad, Fidelis aliona anachelewa kanisani. Alitia sahihi bila kumwaga maji wala kuwasha injini. Saa nne asubuhi umeme ulikatika, naye Mwanawema, mke wa Haroub wa kijiji cha Msuka, yuko juu ya meza ya upasuaji. Alishonwa kwa mwanga wa simu. Hamad alihangaika na injini dakika arubaini. Maji yalikuwa yameingia kwenye dizeli. Mtoto alizaliwa akihitaji oksijeni, na hakuweza kuingoja.

Msuka wakazika, wakasema ni kudra. Sisi tuliandika "hitilafu ya umeme", na waliotafuta wa kulaumu wakaanza kumtazama Hamad, kwa kuwa ndiye aliyekuwa zamu. Fidelis angeweza kunyamaza. Wengi wetu tulimtaka anyamaze. Tuliogopa, na si kwa ajili yake tu. Mkristo aiendee familia ya Kiislamu, aseme mtoto wenu nimemuua mimi: nani angejua neno hilo lingefika wapi likishatoka uani?

Alikwenda Msuka siku ya tatu. Hamad alimfuata, akihofia kwamba mwenzake hatarudi, na ndiye aliyetusimulia. Bi Time, mama yake Haroub, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sie tushamwachia Mungu. Weye waja kutufukulia kaburi?"

"Bi Time, Mungu hakutia sahihi. Nilitia mimi."

Haroub akaingilia kwa hasira. "Si nyinyi mnaosema Yesu kabeba dhambi zenu?"

"Kabeba. Hakunituma nizifiche."

Hakuna aliyempiga, wala aliyemsamehe siku ile. Bi Time alimwambia aondoke, akaondoka. Alisimamishwa kazi miezi sita, na Hamad akabaki kazini bila doa. Aliporudishwa, alianza kuijaribu injini mara mbili kwa siku, na kila taa ilipofifia alikimbilia bandani. Wapo walioona kwamba imani yake imepungua. Yeye alieleza kwa upole kuwa imani haikumwondolea hofu. Ilimtuma aende na hofu yake akaangalie chujio.

Baada ya miaka miwili Mwanawema alirudi kujifungua, tena kwa upasuaji. Mlangoni alisimama, akakataa kuingia.

"Nani yuko zamu bandani?"

Nadhira alitamani kudanganya. Akamwambia ni Fidelis.

"Basi niingizeni."

Saa nzima Fidelis alikaa na mkono juu ya swichi, akiomba, macho kwenye taa. Umeme haukukatika. Alipoletewa habari kwamba ni mtoto wa kike na analia, hakuondoa mkono mpaka Mwanawema alipokwisha kutolewa chumbani.

Bwana Fidelis, ahsante kwa kazi, na kwa kweli uliyoisema tulipokuwa tumeshakuandalia uongo. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, utulivu na asubuhi nyingi zisizo na cha kukimbilia. Sisi hofu inatubakia. Kina mama wa Msuka mpaka leo hawaingii chumba cha upasuaji kabla ya kuambiwa nani yuko zamu, na kuanzia Julai mosi watatajiwa jina la mmoja wetu. Kaa salama na familia yako, na utuombee.