Nusu ya Kitabu Niliyodai Imeungua

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Najua wengine mmesita kuitikia, kwa sababu habari zangu zilifika kabla yangu. Sina neno. Nimetoka Gatitu, kule Nyeri, asubuhi hii, na njia nzima nilikuwa naomba gari iharibike nisifike hapa Timau. Haikuharibika. Mungu ni mwaminifu!

Mnanijua kama Wahome, mzee wa kanisa, muuzaji wa vitabu vya mitumba, yule anayealikwa kufundisha kwenye mikutano yenu. Hamjui kwamba nakusanya vitabu vya mchezo. Ni mchezo wa zamani kutoka ng'ambo. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia habari za pango, joka na mchawi, na wengine kila mmoja ana shujaa wake mwenye upanga. Dadu ndiyo inaamua kama upanga umepata ama umekosa. Basi. Ni hadithi na hesabu kidogo. Pepo alikuwa ndani yangu mimi, na jina lake ni tamaa.

Mchezo huo tulifundishwa bwenini, mimi na Mutwiri, huyu ndugu yenu aliyeketi pale dirishani. Mwalimu mmoja mgeni alituachia kitabu kimoja. Tulikicheza miaka minne mpaka kikakatika mgongo. Siku ya kumaliza shule tulikigawana kama watoto wanavyogawana muwa: yeye akachukua nusu ya mbele yenye jalada, mimi nusu ya nyuma.

Nilipoanza biashara ya vitabu, kila mzigo ukifika ninaupekua kwanza kutafuta mchezo ule. Toleo la pili nililipata Karatina. La tatu nikalipata Nanyuki, nakala tatu kwa mpigo. Nikaanza kulinganisha. Ndugu zangu, nilikuwa na lenzi na daftari! Katika toleo la pili, joka la jaladani limeongezwa mabawa. Katika la tatu, mchawi amepunguziwa nguvu. Lakini chapa ya kwanza kabisa ina kosa moja ambalo baadaye lilisahihishwa: kwenye jedwali la silaha, mkuki na shoka vimebadilishana mistari. Siku moja nikatoa ile nusu yangu ya shuleni. Nikatazama jedwali. Mkuki ulikuwa mahali pa shoka! Niliruka pale dukani kama mtu aliyeshukiwa na Roho, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo.

Tangu siku hiyo nilitaka nusu ya Mutwiri, ili niwe na chapa ya kwanza nzima. Nilimwendea mara mbili. Jumamosi akitoka kazini, kule shamba la maua, alikuwa anamsimulia binti yake Makena kutoka kitabu kile kile, na wanarusha dadu pamoja. Akaniambia, "Hiyo nusu siwezi kukupatia, Wahome. Ukitaka, kuja tucheze. Leta nusu yako."

Kucheza! Na chai iko mezani, na vidole vya mtoto vina mafuta ya chapati! Mimi nilikuwa sijacheza tangu shuleni. Nilikuwa nahesabu kurasa tu. Nikakataa.

Sasa sikieni aibu yangu. Mnakumbuka ile ibada ya kutupa vitu vya giza, watu wakaleta hirizi na vibuyu, tukavichoma kwenye pipa hapo nje karibu na tangi la maji? Mimi ndiye niliyefundisha siku ile. Nilisimama hapa hapa, nikamtazama Mutwiri usoni, nikasema kuna vitabu vya uchawi katika nyumba za waumini, na watoto ndio wataadhibiwa. Nilijua ni uongo. Mutwiri alikimbia nyumbani akarudi na nusu yake ndani ya bahasha ya kaki, analia. Nikamwambia, "Ndugu, usiitazame tena." Nikaingia na bahasha ofisini, ati naiombea. Humo ndani nikaitoa ile nusu, nikaweka badala yake kipande cha toleo la tatu nilichokuja nacho mkobani, kwa sababu hilo nilikuwa nalo la ziada. Hicho ndicho kilichoungua. Na wakati ninyi mnaimba, mimi nilikuwa nasikitikia jalada la kile kipande! Nusu ya Mutwiri ilirudi Gatitu chini ya shati langu.

Mutwiri alitupa hata dadu. Akaacha kumsimulia mtoto hadithi yoyote, hata ya sungura na fisi, kwa maana aliona ulimi wake umechafuka. Kisha Makena akaanza kuanguka. Hospitali wakasema ni kifafa, wakampa dawa, na ikamsaidia vizuri. Lakini Mutwiri alikuwa na lile neno moyoni, kwamba watoto ndio wataadhibiwa. Neno langu! Akaamini kwamba ugonjwa ni adhabu ya kitabu. Akaacha kumpa mtoto dawa, akafunga na kuomba, ili imani yake isiwe ya nusu nusu.

Nilikuja hapa Jumapili moja, wengi mlikuwepo. Mutwiri alisimama amemshika Makena mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu alikuwa ameangukia jiko. Mutwiri akasema, "Mtoto anateswa na dhambi yangu. Niombeeni." Nikaitwa mimi kuwaombea. Nikaja mbele, nikaweka mkono juu ya kichwa cha yule mtoto. Nikaomba, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Mtu mwingine angerudi nyumbani alie. Mimi, kesho yake mchana, niliketi dukani na kifutio. Nusu ya Mutwiri ilikuwa na maandishi ya penseli pembeni, na sisi wakusanyaji hatupendi nakala iliyoandikwa. Nikafuta ukurasa wa kwanza, nikafuta wa pili. Ukurasa wa tisa nikakuta mwandiko wake wa shuleni: "Wahome ameanguka pangoni. Mutwiri anambeba. Mutwiri hapigani mpaka Wahome atoke."

Nikaikumbuka siku ile. Shujaa wangu alikuwa amepigwa na joka, na wenzetu wote wakasema aachwe. Mutwiri akaacha upanga na kila kitu alichokuwa ameshinda, akambeba. Alimbeba mtu wa karatasi, kwa sababu alikuwa mtu wangu. Nami nimemwacha binti yake wa nyama na damu aangukie moto! Kifutio kilinitoka mkononi. Nilipiga magoti katikati ya vitabu, nikalia mpaka wateja wakaondoka. Sikuona maono, ndugu zangu. Niliona haya tu, na kwa haya hiyo Mungu alinikamata.

Nilifunga duka, nikaja Timau siku ile ile. Nikaweka nusu yake mezani, nikasema yote. Nilitegemea anipige. Akauliza jambo moja tu.

"Kwa hivyo dawa ya mtoto haikuwa na makosa?"

"Haikuwa na makosa," nikasema. "Wala wewe."

Akamwita mama Makena, wakamvisha mtoto viatu, wakaenda hospitali bila kunitazama. Nilibaki mlangoni kwao na bahasha tupu niliyobebea nusu yake.

Asifiwe Mungu, Makena amerudi kwenye dawa, na tangu hapo hajaanguka. Nawasihi, msiache dawa za daktari kwa ajili ya neno la mtu aliyesimama hapa, hata akishika Biblia kama nilivyoshika mimi. Uzee wa kanisa nimeuacha. Na kama kuna kitu ulituambia umekichoma, na bado kimo kabatini kwako, usingoje mtoto wa mwenzako aungue. Kilete leo. Mtegemee Yesu, hata kama unakuja umeinamisha kichwa.

Mutwiri hajaniambia kama amenisamehe. Sijamwuliza. Lakini wiki chache zilizopita alipiga simu: "Makena anauliza hadithi iliishia wapi. Kuja Jumamosi. Leta nusu yako."

Nilikwenda. Tulishona nusu zote mbili kwa uzi wa gunia. Chai ilimwagika juu ya mkuki na shoka, nikaifuta kwa shati. Makena ndiye anayerusha dadu, na kila akinyoosha mkono naliona kovu lake.

Niseme hili moja, niketi. Jumamosi iliyopita shujaa wangu aliangushwa tena pangoni. Makena akamgeukia baba yake. "Baba, nimbebe ama nimwache?"

Mutwiri alinitazama, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mbebe," akasema. "Ni mzito, lakini mbebe."