Nani Alimchekesha Rangi

Benchi letu limeegemea ukuta uliopakwa nusu. Upande mmoja ni njano, upande wa pili ni saruji tupu, na katikati ngazi imesimama pale pale ilipoachwa. Mwenye ngazi ni mwenzetu, mpaka rangi wa mtaa huu, nasi tunamwita Rangi. Siku moja mchana alishuka, akafunika kopo lake, akaenda nyumbani, akalala ameuelekea ukuta. Hakuwa na homa, hakuwa na ugomvi na mtu. Zahanati wakasema ni sonona. Sisi wa kijiweni hatukusubiri maelezo, tulikuwa na dawa zetu. Kwa wiki kadhaa tukawa tunampitia kila asubuhi, mmoja akitoka mwingine anaingia. Leo ukungu umetanda, hujui mvuke wa kahawa unaishia wapi, na habari imetufikia kwamba jana jioni Rangi kacheka. Mkewe kamwambia jirani, jirani kamwambia Shangazi muuza kahawa, na Shangazi akishajua, mtaa umejua. Mimi nina cherehani yangu mwisho wa benchi, kwa hiyo nilikuwepo tangu wa kwanza alipofika kudai sifa.

Daktari: Umande, jamani! Si niliwaambia? Umande!

Daktari hajasomea udaktari. Alilinda lango la duka la dawa miaka mingi, naye anaamini elimu humwingia mtu kwa hewa.

Daktari: Kila alfajiri namtembeza pekupeku kwenye majani nyuma ya nyumba yake. Huzuni inatoka kupitia nyayo. Umewahi kuona mwenye viatu vizuri anayelala usingizi wa maana?

Tatu Bila: Acha hizo! Aliyemchekesha ni kuku wangu.

Huyu huuza mayai. Zamani alikuwa kipa, na matokeo ya mechi yake ya mwisho ndiyo jina lake hadi leo.

Tatu Bila: Nimempa mtetea akae naye uani. Ukimsikiliza kuku anavyojisemea, kichwa kinapoa. Kuku hana habari ya kesho wala jana. Anaongea ya leo tu, tena kwa sauti ndogo.

Redio: Kuku atatibu nini wewe? Mimi nimemfundisha kuvuma.

Shangazi: Kufanya nini?

Redio: Kuvuma, Shangazi. Tunakaa, tunafunga midomo, tunavuma. Mmmmm. Mbavu zinatetemeka, majonzi yanakosa pa kushika. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Basi mtu akijiona mtupu, avume!

Shangazi: Hiyo methali walikutungia wewe.

Redio aliendesha malori mpaka akastaafu. Huko njiani alikuwa peke yake, na sasa anatulipizia sisi maneno yote aliyokosa wa kumwambia.

Mimi: Mnajisumbua. Ni vifungo vyangu. Nilimpelekea kopo zima la vifungo, tukakaa juani tukavichambua, vya kijani huku, vyeupe huku. Mikono ikipata kazi ndogo, moyo unapumzika.

Daktari: Fundi, sema ukweli wako. Ulitaka mtu wa kukuchambulia vifungo.

Kulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini Daktari hakuwepo siku ile Rangi alipookota kifungo cha kijani, akakiweka jichoni na kunichungulia kwenye tundu lake muda mrefu. Nilifurahi siku hiyo mpaka nikashona mkono wa shati kwenye kola.

Shangazi: Na kliniki anakopelekwa na mkewe je? Na vile vidonge?

Daktari: Ile ni ya kusaidia dawa zetu zifanye kazi.

Shangazi akamimina tena. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vikombe, na watu waliopita barabarani walionekana magoti tu, halafu wakapotea.

Daktari: Hamjui umande ni nini. Usiku majani yanaota ndoto. Kukipambazuka majani yanaamka, ndoto zinabaki juu yake zimelowa. Ukizikanyaga unaziokota. Mtu aliyeishiwa na ndoto zake anapata za majani kwa muda.

Tatu Bila: Na ndoto za majani zinahusu nini?

Daktari: Ng'ombe, nadhani. Na tena wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kwa hiyo nyasi zimeshazoea maumivu, na yako zinayabeba bila neno.

Tatu Bila: Sawa, lakini majani hayana joto. Kuku akikuta kitu cha baridi hakiulizi una nini. Anakilalia. Anakaa juu yake, anakodoa macho, mpaka siku moja kinagonga chenyewe kutoka ndani. Nilimwambia Rangi alale chali, amweke kuku kifuani. Kuna kitu kitatoka tu.

Shangazi: Kitatoka kinyesi.

Tulicheka sana. Tatu Bila hakucheka, alikuwa anautazama ukungu kama anayesubiri mpira wa kona.

Redio: Ngojeni niwape chanzo chenyewe. Rangi kapaka nyumba za watu mpaka rangi yake mwenyewe ya ndani imekwisha. Juzi nimemwota. Yuko juu ya ngazi, lakini hakuna ukuta, anapaka huu ukungu. Kila akipitisha brashi, ukungu unasogea, na nyuma yake naona mtaa mwingine kama wetu. Watu wako madirishani wanampungia mikono. Wote wanavuma. Nilipoamka, mto wangu ulikuwa na njano.

Tatu Bila: Ulilala na embe.

Redio: Embe sijala mwaka huu!

Daktari: Na huo mtaa, mimi nilikuwepo?

Redio: Ulikuwepo. Pekupeku.

Daktari alitulia, ameridhika. Redio akafunga midomo akaanza kuvuma kutuonyesha, na sijui ilikuwaje, Tatu Bila akamfuata, kisha Daktari, kisha mimi na mguu wangu kwenye cherehani. Benchi likatetemeka chini yetu. Kwa kitambo kile niliamini yote, umande na kuku na vifungo, na nikaona Rangi amepona moja kwa moja, na aliyemponya ni sisi.

Daktari: Tuuze umande kwa chupa.

Tatu Bila: Na chupa ziwe na picha ya kuku.

Redio: Kwanza tukubaliane ni nani alimchekesha. Mcheza kwao hutunzwa!

Ndipo mwanamke akatokea kwenye ukungu, kanga mabegani, akasimama mbele ya benchi. Alikuwa mke wa Rangi. Alikuwa hajawahi kufika kijiweni, na sote tukainuka kidogo.

Daktari: Shemeji! Karibu! Hongera, mgonjwa kapona!

Tatu Bila: Wewe ndiye shahidi wetu. Jana alicheka kwa dawa ya nani?

Mke wa Rangi: Sijui, shemeji zangu. Alicheka kidogo tu, akalala. Samahanini kuwakatiza, nimetumwa.

Redio: Sema, shemeji, sema.

Mke wa Rangi: Leo ameamka kabla yangu. Viatu hakuvaa. Amemtoa kuku mwenyewe, akamwagia punje. Vifungo amevimimina kwenye sinia, na kiti cha pili amekitoa nje, akakifuta. Yuko kizingitini tangu kulipopambazuka. Nimemwambia aingie anywe chai, kakataa. Anasema haiwezekani mtu aanze kunywa huku wageni wapo njiani.

Hakuwa anatulaumu. Alikuwa anaeleza tu, na macho yake yalikuwa na furaha ndogo aliyokuwa anaiogopa.

Mke wa Rangi: Sasa ananiuliza, nami nimeshindwa kumjibu. Leo zamu ya nani?

Daktari alimtazama Tatu Bila. Tatu Bila alimtazama Redio. Redio alinitazama mimi. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake zamu ya leo, kisha akakimbilia benchi. Aibu ilinishika nikashindwa hata kuushusha mguu kwenye cherehani. Shangazi aliinua birika, akalirudisha bila kumimina.

Mke wa Rangi: Basi nikamwambie nini?