Mulimaji Anayepima Mabomu kwa Sikio

Benchi yetu ya Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ni ubao mmoja wa mkaratusi juu ya matofali, mbele ya mlango wangu, na anayeikalia anakunywa kahawa yangu ya tangawizi, apende asipende. Mimi ni Madeleine, lakini wananiita Koko Radiyo, koko kwetu ni mama mzee, na sababu ya radiyo msiniulize. Watu wa kudumu pale ni wawili. Kuna Karekezi, tunamwita Avoka, yaani wakili, kwa kuwa anaandikia watu barua za ofisi, ingawa korti ameiona kwa nje tu. Na kuna Kizito, tunamwita Miezi Sita, maana tangu mwaka 1998 anasema Nakivale atakaa miezi sita tu. Siku moja ya mwaka 2013 walifika mapema, wakamweka jirani yetu Gad katikati yao. Yvette, bibi yake, alikataa kukaa. Kesho yake, saa mbili asubuhi, wao na watoto wao wanne walikuwa na interview Base Camp, kwenye ofisi za kambi, ile ya mwisho kabla ya kwenda Kanada. Na kwetu hakuna anayekwenda interview bila repetisyo. Kule kila mtu anaingizwa chumba chake peke yake, na hadithi zenu zikipishana, faili inalala. Kwa hiyo tunajaribishana kwenye benchi yangu, Avoka akijifanya muzungu anayeuliza maswali.

Shida ya Gad kambi nzima inaijua, maana nimeisimulia mwenyewe. Faili yake inasema ni mulimaji. Kweli, analima mahindi na maharagi kama sisi. Lakini kabla ya jembe alikuwa kapiteni wa jeshi la Zaire: mwaka huu vitani, mwaka ujao darasani anafundisha maofisa jinsi vita inavyopangwa. Na hapa Nakivale, kwa miaka saba, ameandika makaye, yaani madaftari, kumi na moja juu ya vita ya 1996, kwamba jeshi kubwa vile lilivunjikaje. Profesa mmoja wa Mbarara ameyasoma, anataka kuyatoa kitabu. Kitabu kikitoka na jina la kapiteni, yule mulimaji wa kwenye faili amekufa, na safari ya Kanada pamoja naye.

— Bwana Gad, akaanza Avoka, akiongea puani kama muzungu mwenye mafua. Kule Kongo ulikuwa natumika kazi gani?

— Mulimaji.

— Na kabla ya vita?

— Mulimaji.

— Muzuri. Asubuhi ile mulikimbia, ulisikia nini?

— Mizinga ya mortiye, mbili, akasema Gad. Kilometa tatu, nyuma ya kilima cha kaskazini. Zilikuwa zinapiga kwa zamu. Hapo nikajua banatuchezea tu, wenyewe watapitia kusini.

Yvette alishika kichwa kwa mikono miwili.

— Mulimaji gani huyu? akapiga kelele Miezi Sita. Mulimaji anasikia bumm! Anaita bibi, anabeba mutoto na sufuria, anakimbia!

— Bumm, akasema Gad.

— Sema na woga!

— Bumm.

Hata kuku wangu hawakuinua shingo.

— Tuendelee, akasema Avoka. Mulikimbilia wapi, fasi gani?

— Barabara ilikuwa mtego. Daraja mbele, vilima pande mbili. Kwa hiyo unapita na mugongo wa kilima, unaacha watu kumi nyuma kufunga njia...

— Gad! akalia Yvette. Batoto bane! Kesho batoto bane watakuwa kwa ile mulango wananiangalia, na weye unafunga njia!

Nikammiminia Gad kahawa, akaizungusha kikombeni bila kuinywa. Mtu anayesikia mortiye kilometa tatu, anaogopa msichana wa interview mwenye kompyuta.

— Mudomo wake hauna kosa, akasema Miezi Sita. Kosa ni masomo. Askari wa bunduki peke yake anaweza kuiweka chini, akasahau. Ukimupa na buku juu yake, haponi tena. Njo maana tulipigwa. Maofisa banafungua ukurasa, adui eko nachinja kuku wao.

— Uongo, akasema Gad. Nilifundisha maofisa arobaini, waliosoma kweli walikuwa sita. Na mimi mwenyewe nilifundisha vitu sijaona. Nikaenda kuviona, nikarudi nikafuta nusu ya masomo yangu. Yaya Kizito, kaka yangu, ukipigana bila kusoma, unaua watu kwa ujinga. Ukisoma bila kupigana, unawaua kwa akili.

— Hiyo usiiseme kesho, akasema Avoka.

— Hata akinyamaza watajua, akasema Miezi Sita. Kule ndani kuna mashini. Unaweka vidole kumi, inaonyesha kile kilivuta risasi.

— Hiyo ni ya zamani, akasema Avoka. Ya sasa inanusa. Mutu akikaa na makaye ya vita miaka saba, harufu haitoki hata kwa sabuni.

— Na wakimujua, munazani watamukataa? Miezi Sita sasa alikuwa amesimama. Watamubeba mbio mbio! Watamutia kwa shule yao ya maofisa. Makaye yake yatakuwa masomo. Masomo yanaisha na nini? Egzameni, mtihani. Na egzameni ya vita ni nini? Ni vita! Wataifanyia fasi gani? Kwetu tena Kongo, kule Fizi, maana ramani iko tayari kwa kaye ya tatu. Na banafunzi wakianguka, kuna sesyo ya pili, wanarudia.

— Ya pili watafanyia hapa hapa kambini, Isingiro, akasema Avoka.

Alitaka kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Nilijikuta naangalia barabara ya Base Camp, na Avoka naye anaiangalia, kila mtu anajifanya anaangalia mbuzi.

— Uyachome, Gad, akasema Yvette polepole.

— Yako Mbarara kwa profesa. Hayachomeki tena.

— Basi kitabu kitoke, lakini na jina la mutu mwingine. Mutu mwenye hawezi kuulizwa.

Wote tukamgeukia Avoka.

— Mimi niko na faili! Avoka akaruka.

— Miezi Sita je? nikauliza. Si unaondoka karibuni?

— Njo sababu hasa, koko! Nikose safari kwa mambo ya kapiteni?

— Basi tieni yangu, nikasema. Faili yangu imekataliwa mara mbili. Ya tatu haitaniua.

Yvette alicheka mpaka akakaa, na kukaa kwake kulinifurahisha kuliko kicheko. Gad hakucheka.

— Koko, unajua maana ya watu wa kufunga nyuma?

— Ni wale wanaobaki ili wengine wafike. Nimezaa mara nane, mwanangu, unanifundisha nini?

Gad aliweka kikombe chini. Halafu akasema sawa. Alisema kama mtu anayetoa ng'ombe wake kwa jirani, lakini alisema. Avoka akaanza kunipa maisha mapya: mjane, msomaji wa magazeti, niliokota habari sokoni. Yvette alikunywa kahawa ya kwanza siku ile. Nakiri kwamba nilishaanza kuwaza nitavaa kitenge gani kwenye picha ya nyuma ya kitabu.

Ndipo boda ikasimama mbele yetu, imebeba mwanamke wa Mbarara, vumbi mpaka kwenye nyusi, na bahasha kubwa kifuani.

— Muko aje, nyabo? akasalimu kwa heshima ya kwao. Mimi naitwa Yudita. Profesa amenituma. Ile kazi ya vita, mimi ndiye nilipiga yote kwa kompyuta. Kesho inaenda kwa kuchapa, lakini iko bila jina ya mwenyewe, Profesa anasema atalitoa mwenyewe hapa Kashojwa. Mwenyewe ni nani?

— Ni mimi, nikasema, nikakaa vizuri.

Yudita aliniangalia, akaangalia birika, akaniangalia tena. Lakini alikuwa mtu wa adabu.

— Asante, nyabo. Kwa kweli nimefurahi kukuona, maana iko jambo moja tu nataka kuuliza, imenisumbua wiki mbili. Ile sura ya mto. Umeandika watu walikuwa bado wanavuka, wamama na watoto, na askari wakapewa amri ya kurudi nyuma. Umesema amri ilitoka saa nzima kabla ya wakati, na wenye walikuwa ng'ambo wakaachwa. Kwa kitabu yote kila ofisa umemuweka na jina yake. Hapo peke yake hakuna jina. Nani alitoa hiyo amri?

Mimi, Koko Radiyo, niliyejua mimba za Kashojwa kabla ya wenyewe, niliinua kifuniko cha birika nikachungulia ndani. Avoka aliinama akatazama viatu vyake. Miezi Sita alikunywa kikombe kilichokuwa kitupu. Nilimgeukia Yvette nikidhani yeye anajua, lakini alikuwa amemtazama bwana yake kwa macho ya mtu anayesikia jambo hilo leo, pamoja na sisi.

— Mama huyu hajui, akasema Gad. Msimusumbue. Ni mimi nilitoa. Nilisikia vibaya. Nilifikiri adui wamefika karibu, kumbe walikuwa mbali.

Alisema tena, safari hii kwa bibi yake tu:

— Nilianza kuandika kwa sababu ya ile saa moja. Ingine yote nilizungusha pembeni yake.

Yudita alitoa karatasi ya mwanzo kwenye bahasha, nafasi ya jina iko wazi, akaiweka juu ya goti la Gad. Akatoa na kalamu.

— Basi andika mwenyewe, akasema. Hapa.

Gad alinyoosha mkono. Mkono wa Yvette ulitangulia, ukachukua kalamu. Hakuivunja kalamu, hakuitupa, hakumrudishia Yudita. Aliishika tu kwenye ngumi, juu ya tumbo, akaangalia upande wa Base Camp, kwenye interview ya kesho. Mwenye boda alipiga honi mara mbili, na Yudita akamwambia asubiri.