Firigisi Aliyoikataa Shemeji wa Coletha

Ndugu waombolezaji, kabla sijafungua mdomo wangu huu usiojua kunong'ona, kila mtu aweke mkono kifuani aape, nitakayosema yaishie chini ya turubai hili, mpaka kesho bwana mifugo afike, na wewe mwenye simu juu, ishushe, mwenyewe akisikia atahamisha viroba vyake vya chakula cha kuku.

Marehemu Coletha Mabula alizaliwa tarehe 9 Juni 1984 huko Tinde, mtoto wa tatu wa kaka yangu Mabula, akazaliwa analia kwa sauti mpaka wakunga wakasema huyu kamfuata shangazi yake. Alisoma shule ya msingi hapohapo Tinde, akamaliza darasa la saba mwaka 1998, akafaulu, lakini mama yake aliugua, akabaki nyumbani kumuuguza.

Mwaka 2004 alikuja hapa Katoro, akaanza umama lishe, wachimbaji wakitoka mashimoni na vumbi mpaka kwenye kope wanamkuta na wali na kuku, wakimtania, Mama, leo umetubania paja, naye anawajibu, toeni dhahabu kwanza niione paja lina uzito gani. Tulicheka sana kwenye kile kibanda, jamani.

Tarehe 17 Septemba 2005 alifunga ndoa na Paschal, huyu mnayemwona ameinama, kanisani Ushirombo, Mungu akawajalia Leodgar mwaka 2007 na Noela mwaka 2012.

Mwaka 2019 ndipo Kalisti, mdogo wake Paschal, anayechanganya chakula cha kuku na kukiuza, alipomwambia, shemeji, acha kununua kuku wa watu, fuga broila wako, chakula nitakuletea mimi, na kina vitamini humohumo. Coletha akaamini, angeachaje kumwamini, mtu ameoga maji yake, amelala kwake, watoto wanamwita baba mdogo. Kuku wakanenepa, hakuna aliyekohoa, naye akawa anawachinja na kuwapasua matumbo kwa mikono yake kila asubuhi.

Sasa mnajua kwetu mgeni wa heshima hawekewi kuku bila firigisi. Kila Kalisti alipokuja, Coletha alimchagulia firigisi, akapiga goti, akamnawisha, na kila mara Kalisti akaisogeza pembeni, mpe kaka, mimi meno yananiuma. Coletha akamwambia siku moja, shemeji, meno gani hayo yanayouma kwa kuku tu, mahindi ya kuchoma unayatafuna kama ng'ombe! Mimi nilikuwepo, nilicheka mpaka kanga ikanidondoka, na Coletha akaniambia pembeni, shangazi, usimcheke, ni unyenyekevu, anamheshimu kaka yake. Unyenyekevu! Yaya, hapana, haukuwa unyenyekevu hata kidogo.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2025 alianza homa na maumivu ya kukojoa, akapewa vidonge, ikatulia ikarudi, akachomwa sindano, ikarudi na hasira, akalazwa, wakaotesha mkojo wake maabara kutafuta vijidudu, wakajaribu dawa hii na ile, vijidudu vinazitazama tu. Daktari akamkalisha Paschal akamweleza, hivi ni vijidudu vya tumboni vilivyokwisha kuzoea dawa, na kuku anayelishwa antibayotiki kila siku bila kuumwa, vijidudu vyake dhaifu vinakufa, vinabaki sugu, na anayeshika matumbo mabichi anaweza kuvibeba mikononi. Akasema hawezi kuapa kwamba ni kuku hawa mpaka chakula kipimwe. Sumu ikaingia kwenye damu, figo zikagoma, Coletha akafariki Jumapili tarehe 11 Mei, anauliza kama kuku wamelishwa.

Na huyo shemeji leo hayupo, ametuma salamu kwamba yuko Nyahanga anafuata mzigo, na kuku wa msiba ametuma, wako nyuma ya jiko wamefungwa miguu. Hao hawapikwi. Tutakula maharage, na asiyetaka maharage aende akalie kwao.

Kumbe nyumbani kwake Kalisti ana kuku wa kienyeji wake wa kula, wanajilisha wadudu na makombo, broila haingii chungu chake, na akiulizwa anajibu, siwezi kutafuna duka la dawa. Alijua. Kila alipoisogeza ile sahani, alijua, akamwacha mke wa kaka yake aendelee kumpigia goti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, majirani, jumuiya, mama lishe wenzake mliofunga vibanda leo, na wachimbaji mliochimba kaburi. Coletha mwanangu, jilaze sasa, Bwana akupe amani yake.

Na aliyeniambia haya, tukichambua mchele wa msiba, akataka nimtaje mbele ya jeneza ili yeye mwenyewe asipate njia ya kuyakana, na kesho ndiye atakayemwonyesha bwana mifugo stoo ya viroba, ni Dorika, mke wa ndoa wa Kalisti, yule pale aliyempakata Noela.