Sheria za Kilima cha Sponji

Mbele ya karakana ya Fundi Kochi, pale makochi ya watu yaliyotumbuka matumbo yanapopangwa kungoja zamu, pana benchi refu na meza iliyoanza maisha yake kama mlango. Juu ya mlango huo pana vita. Askari wa miguu ni vifungo vilivyovalishwa vitambaa, vyekundu upande huu, vya bluu upande ule. Wapanda farasi ni misumari ya kochi, ile yenye vichwa vya duara. Katikati kimesimama kilima cha sponji alichokichonga Fundi mwenyewe kwa kisu, na ole wake mtu anayekiegemea kwa kiwiko. Wanaokaa hapo kila alasiri ni walewale: Kamanda, ambaye hajaona vita hata vya kuku lakini amelinda geti la ghala nusu ya umri wake, Wakili, aliyepata jina hilo kwa kuitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi wa mbuzi aliyepotea, na Shemeji, kaka wa mke wa Fundi, ambaye kazi yake inayojulikana ni kuleta birika la kahawa na kulimaliza.

Mchezo huo Fundi aliutunga peke yake, na siku za mwanzo ulikuwa na sheria chache ambazo hata mlevi angezikumbuka. Kosa lake ni huruma. Ili mtu akipigwa asisuse, aliweka desturi: aliyeshindwa jana, leo anatunga sheria moja, na hapingwi. Tangu hapo kila kidonda kimekuwa sheria. Askari walikuwa wakisogea kwa shubiri, mpaka ikaonekana kiganja cha Kamanda ni sawa na koleo. Ikaletwa futi kamba. Halafu Kamanda akapigwa, akatunga sheria kwamba futi kamba ikishikwa na mwenye haraka haihesabiwi. Na kadhalika, na kadhalika, hadi wenye mchezo wenyewe hawakuweza tena kucheza bila kugombana.

Ila siku moja Fundi alikuja amevaa shati la pasi. Mwalimu wa shule ya jirani, alipoleta viti vya ofisi kushonwa siku chache kabla, alisimama akautazama mchezo, akasema angependa kuwafundisha wanafunzi wake. Angepita akitoka darasani, aelezwe sheria. Fundi alimwambia mkewe. Mkewe, ambaye kwa miaka yote aliuita mchezo huo wazimu wa vifungo, safari hii alisema, "Haya, tutaona," akampigia shati pasi. Kwa Fundi hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kilima chenyewe.

— Leo tunapunguza, alisema Fundi. Mwalimu yuko njiani. Sheria zikizidi vidole vya mkono mmoja, mtoto hasikilizi.

— Naunga mkono, alisema Kamanda. Tufute zote za Wakili.

— Za kwangu zina msingi, alisema Wakili, akipuliza kahawa yake. Tuanze na yako ya kiu. Ati askari asipokunywa maji raundi tatu, analala. Kifungo kinakunywa maji, mzee?

— Askari halisi anakunywa.

— Wewe umemwona wapi askari halisi?

— Getini walikuwa wanapita, alisema Kamanda. Na walikuwa na kiu.

Fundi alisema kiu ifutwe. Kamanda akakubali, kwa sharti moja dogo: ikifutwa kiu, iwekwe njaa, maana mtu hawezi kukosa yote mawili. Fundi akajilaumu kwa kufungua mdomo.

— Yangu mimi ni fupi, alisema Wakili. Mwenda pole hajikwai. Kwa hiyo askari anayekwenda polepole hapigwi risasi.

— Hajikwai, alisema Fundi. Wahenga hawakusema hapigwi.

— Risasi ni nini kama si kujikwaa kwa mbali?

— Bwana wee.

— Tena nilitaka kuongeza. Kabla ya vita, upande mmoja umpelekee mwenzake hati ya kumtaka aondoke. Akikataa, wanaahirisha. Wakiahirisha mara mbili, mateka wana haki ya kukata rufaa.

— Mateka gani, na vita havijaanza?

— Ndiyo maana wana haki, alisema Wakili.

Shemeji alikuwa kimya, na Fundi alimjua: Shemeji akinyamaza, anajaza shehena.

— Mimi naona mnahangaika bure, alisema Shemeji. Tatizo la mchezo huu ni kuwa na pande mbili. Wahenga walisema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru wenu yuko wapi?

— Kunguru wa nini tena, shemeji yangu?

— Mchezaji wa tatu. Hana jeshi, hana dadu. Anakaa tu hapo pembeni, kila kifungo kinachokufa anakichukua.

— Halafu?

— Halafu anavyo.

— Na huyo kunguru atakuwa nani? aliuliza Kamanda.

— Mimi nimejitolea, alisema Shemeji.

Kamanda alisema kama kunguru anaruhusiwa, basi maiti nao wapewe haki yao: mfa maji haishi kutapatapa, kwa hiyo askari aliyekufa aruhusiwe kurusha dadu moja ya mwisho. Wakili akasema dadu ya marehemu ni urithi, irushwe na ndugu. Shemeji akasema ndugu hawezi kurusha akiwa msibani, kwa hiyo jeshi lote likae raundi mbili likiomboleza. Wakakubaliana, watu watatu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya sukari. Fundi alihesabu kimoyomoyo. Walianza kupunguza, na sasa walizoongeza tu zimezidi vidole vya mkono mmoja. Alitamani kuwagonga wote kwa nyundo ya kochi, taratibu, kwenye vifundo vya miguu.

Mwalimu alitokea wakiwa hapo, mkoba begani, chaki ingali kwenye mkono wa nguo. Fundi alimfutia kigoda kwa kitambaa cha velveti, akamkaribisha. Shemeji akamjazia kikombe, jambo ambalo hakuwa akimfanyia hata dada yake.

— Mwalimu, alianza Wakili, mchezo huu una vitengo vinne: hati, mwendo, matanga na rufaa.

— Na njaa, alisema Kamanda.

— Ngoja kwanza, wazee wangu, alisema Mwalimu kwa upole. Hizo nitazisikia zote. Niambieni moja tu, maana ndiyo watoto wataniuliza kabla hawajakaa. Mtu anashindaje?

Wote watatu wakamgeukia Fundi. Fundi akageukia meza.

— Anashinda, alisema Fundi, akimaliza.

— Akimaliza nini?

— Si kulikuwa na bendera? aliuliza Kamanda. Ukiipandisha kilimani, basi.

— Ilikuwepo, alisema Wakili. Wewe ukatunga kwamba bendera isiyo na mlinzi haihesabiki.

— Na wewe ukatunga kwamba mpinzani lazima kwanza aridhike kwamba ameshindwa.

— Ni haki yake kuridhika. Lakini aliyeiondoa kabisa si mimi.

Hapo wote walikumbuka. Bendera ilikuwa pini yenye utepe. Siku moja Wakili aliichomeka kilimani akashinda, na kesho yake Fundi, mwenye zamu ya kutunga, alipiga bendera marufuku kwa sababu inatoboa sponji. Alijua kabisa kwamba sponji ilikuwa kisingizio.

— Basi siku hizi, alisema Mwalimu, mnajuaje aliyeshindwa? Jana, kwa mfano, alishindwa nani?

— Mimi, alisema Kamanda. Niliondoka kwanza. Nilikuwa na zamu getini.

— Na juzi?

— Mimi, alisema Fundi. Alikuja mteja.

— Kwa hiyo anayeshinda ni yule asiye na pa kwenda.

Shemeji aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Yeye hakuwa amepoteza mchezo tangu mvua zianze.

Mwalimu hakucheka, na hiyo ilimuuma Fundi zaidi. Aliona mkono wa Mwalimu ukielekea kwenye mkoba. Aliona na shati lake mwenyewe, mikono imenyooka kama ya bwana harusi, na akaogopa kwelikweli.

— Mwalimu, alisema, usiende. Sikiliza. Atakayefika kilimani kwanza, kashinda. Yaliyobaki yote ni kelele.

Mwalimu akaachia mkoba.

— Hiyo wataielewa, alisema. Hata wadogo. Hiyo kesho naweza kuanza nayo.

Furaha ilimjaa Fundi. Aliwaza atakavyoingia nyumbani, asiseme chochote kwanza, aombe maji, anywe, ndipo amwambie mkewe kwamba mchezo umekubaliwa.

— Swali moja, alisema Wakili. Kufika ni nini? Ni kugusa, au ni kupanda?

Fundi alijua afadhali anyamaze. Kila kiungo cha mwili wake kilimwambia anywe kahawa anyamaze.

— Kupanda, alisema.

— Kifungo kizima au nusu?

— Nusu haiwezekani, kinateleza. Tazama. Fundi alichukua kifungo chekundu akakiweka ubavuni mwa kilima. Kinateleza, unaona? Labda upande huu wenye mshono.

— Na msumari je? aliuliza Kamanda. Farasi hapandi sponji. Atazama.

— Mpanda farasi atashuka, apande kwa miguu.

— Farasi abaki na nani?

— Abaki hapa chini, umbali wa, lete futi kamba, umbali wa inchi mbili. Tatu, kama adui yuko upande wa mteremko.

— Kama wamefika pamoja? aliuliza Wakili.

— Wakifika pamoja tunatazama aliyeanza. Na kama hajulikani aliyeanza, basi tunarusha dadu, lakini dadu ya kilimani si sawa na dadu ya bondeni, kwa sababu kule juu kuna upepo. Mwalimu, hapo ndipo uandike.

Aliinua kichwa. Kigoda kilikuwa kitupu na kitambaa cha velveti kimekunjwa vizuri juu yake. Mwalimu alikuwa ameshafika kona ya barabara, mkoba begani, anatembea bila kugeuka. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Shemeji alikivuta, akanywa, akapindua birika kuhakikisha kwamba hakuna kilichobaki.

— Ameondoka kwanza, alisema Shemeji. Kashindwa.

Kamanda na Wakili walikubali kwamba hilo ni sahihi kisheria. Fundi alibaki amesimama na futi kamba mkononi, akitafuta neno la kumwambia mkewe.